Sweta la Mtani Silirudishi

Mtani wangu mpendwa, Mama Amosi,

Wamenikataza kukutukana, kwa hiyo naandika.

Mwanao Amosi alimsimamisha mtu na spika mbele ya mwili wako, akatangaza kwamba msiba huu ni wa kistaarabu, mambo ya utani hayatakiwi. Wewe, Mgogo uliyeishi kwa kutukana watu, umelazwa pale kimya, umefunikwa shuka jeupe kama mgeni, na hakuna hata mmoja wa kukuambia kwamba umelala vibaya. Nilikuonea huruma. Nikasema moyoni, hili haliwezekani.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Nitaibandika pale kwenye mashine ya kusaga ya Amosi, mlangoni, kila mwanamke wa Kintinku anayesubiri unga wake aisome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Unajua mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na wewe ulikaa nyuma yangu unanichoma mgongoni na kijiti. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga tope. Elia mwanangu kasema, "Mama, lete nikuandikie." Nimemkatalia. Matusi ya mtani hayaandikiwi na mtu mwingine.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nimetoka kwetu Ilongero, mke mpya, mume wangu mtu wa reli kapangiwa kazi huku kwenu. Nikaenda kuchota maji. Ndoo haijajaa, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nani kamruhusu huyu Mnyaturu achote maji yetu? Kwenu si mnakamua mawe?"

Wenzako wakacheka. Mimi nilijua kwamba Wagogo ni watani zetu, lakini utani niliusikia kwa wazee tu, sijawahi kupigwa nao usoni. Basi machozi yakaanza kunitoka. Mke mzima, analia kisimani.

Ukanitazama usoni, ukanitazama kweli, mtu anavyotazama chungu kujua kama kimepata ufa. Kisha ukawaambia wale wanawake, "Acheni. Mwili wa huyu umefika na treni, moyo bado uko njiani." Ukajitwika ndoo yangu mpaka nyumbani kwangu. Ulipoitua ukasema, "Kesho nitakutukana tena, na wewe uje na lako."

Kesho yake nikaja na langu. Nilikuambia ninyi Wagogo mvua yenyewe haiwajui, ikipita juu yenu inauliza, "Hawa ni kina nani?" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tope. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa mgeni Kintinku.

Watu wanadhani utani ni mdomo tu. Nimeishi na wewe, nakataa. Mdomo kila mtu anao. Wewe ulikuwa unatazama kwanza. Mtu akija, kabla hujafungua mdomo, macho yako yalikuwa yameshamzunguka: anapumuaje, mikono kaiweka wapi, salamu yake imetokea kifuani au mdomoni. Halafu ndipo unachagua kumchoma au kumpa kigoda akae. Mimi naiita akili ya moyo. Sijui wenye vitabu wanaiitaje.

Tena ulikuwa nayo kwa moyo wako mwenyewe, na hilo ndilo gumu. Asubuhi nyingine nakusalimu, "Mbukwa, mtani," unaniambia, "Leo usinitanie. Leo nimeamka na hasira na sijui ni ya nani, nikiipata nitakuambia." Mchana unakuja: "Nimeipata. Nilimuota marehemu baba yangu." Kwisha. Hukuimwaga kwa watoto wala kwa mbuzi. Wangapi tunaamka na hasira isiyo na mwenyewe, tukampa wa kwanza anayepita?

Mimi, kwa mfano. Wewe unajua nilivyo mtu wa hofu. Watoto wakichelewa kidogo mimi nimeshachimba kaburi kichwani. Siku ile Elia alikwenda kucheza kwenye mabehewa ya mizigo, treni ikapiga honi, mtoto haonekani. Aliporudi nilimshika sikio, nikamfokea mpaka majirani wakatoka. Nikatafuta fimbo. Wewe ulikuwa umekaa kwangu unachambua mlenda, hukuinuka. Ulisema tu, "Mnyaturu, hiyo si hasira."

"Ni nini basi? Unaona nacheka?"

"Ni woga. Umevaa shati la hasira. Uvue hilo shati, mwambie mtoto ulivyoogopa."

Nikasimama pale na fimbo yangu kama mjinga. Kisha nikamwambia Elia, "Nilidhani umekufa." Mtoto ambaye alikuwa amekaza uso tayari kupigwa akanikumbatia miguu. Hajarudi kwenye mabehewa mpaka leo. Fimbo nyingi nilikuwa nimempiga kabla ya hapo kwa ajili ya reli ile ile, na hazikusaidia kitu.

Halafu mume wangu akafa.

Homa ilimchukua haraka, na mimi nikawa jiwe. Sikulia, sikula, sikuongea. Ndugu zake walipofika kutoka Ilongero walinisifu. "Mwanamke kajikaza huyu. Mwanamke wa maana." Nilisikia sifa zile kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa. Kujikaza nilikuwa sijui hata kunakuwaje. Nilikuwa nimezima. Mtu aliyezima na mtu aliyejikaza, ukiwatazama haraka, wanafanana. Watu wanasifu tu, hakuna anayesogea karibu.

Wewe ulisogea. Ukachungulia usoni kwangu, ukaondoka. Ukarudi umevaa koti lake la reli na kofia yake, umeshika nyundo yake begani, umepinda mgongo vile vile alivyopinda, unakohoa kikohozi chake kile cha mara mbili. Ukasimama katikati ya waombolezaji.

"Mama Elia! Mimi natoka kazini na chai hakuna? Na hawa wote kwangu wanatafuta nini? Nani kafa?"

Shemeji zangu nusura wazimie. Mzee mmoja akawaambia, "Mwacheni, huyo ni mtani, ana haki yake." Na mimi, ee Mungu wangu, nilicheka. Kicheko kilitoka tumboni bila kuniuliza. Na nyuma ya kicheko, kama ng'ombe wanavyofuatana zizi likifunguliwa, kikatoka kilio. Nililia mpaka nikalala mapajani mwako, juu ya koti lake linalonuka grisi. Ulinibembeleza huku unasema, "Haya, jiwe limetoa maji. Mnyaturu, leo nimekamua jiwe."

Jioni ile nilikula. Asubuhi nilimwita Elia kwa jina lake, nikamwosha uso. Kama usingekuja sijui watoto wangu wangelelewa na nani, maana mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Sasa kuna wanaosema ulikuwa huna heshima ya misiba. Nawauliza, walikuwapo siku alipofiwa binti yule wa karibu na stesheni, mtoto wake wa kwanza, hata jina hajapewa? Ulifika pale umejifunga kanga tayari kwa utani, kila mtu anakungoja. Ukamtazama yule binti. Ukajifungua kanga, ukaikunja, ukaenda jikoni kuchochea moto. Kutwa nzima hukusema neno la mzaha. Nilipokuuliza njiani ulinijibu, "Yule hana kilio kilichokwama. Chake kinatiririka. Ukifukua mto unaotembea unauharibu." Huyo ndiye asiyejua heshima? Anayejua wapi pa kuchokoza na wapi pa kukaa kimya?

Tuje kwenye msiba wako, maana ndio nilioandikia.

Kwa asiyejua, Amosi ni mwanao wa kwanza, na Tabu ni kitinda mimba. Amosi tulimlea stesheni, akikimbia na wewe kando ya treni. Enzi za ruksa zilipoanza, mgambo wakaacha kutufukuza, tukauza madirishani bila kujificha: mayai, karanga, kuku wa kuchemsha. Wewe na sweta lako jekundu la mitumba, lenye tundu kwenye kiwiko, unalivaa hata jua la saa nane, na sinia kichwani. Amosi akatoka kwenye mayai akaingia kwenye alizeti, kutoka alizeti akapata mashine, sasa ana lori. Simwonei kijicho. Nilipiga vigelegele lori lilipofika. Lakini mwanao alipopanda juu ya lori akaanza kuona aibu ya sinia, na sinia ndilo lililonunua lori.

Tabu ndiye aliyekuuguza. Alikugeuza, alikulisha, alikuosha. Ulipokata roho alikuwa peke yake na wewe. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, macho makavu, mikono ameilaza mapajani viganja juu kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Nikamsalimia, hakunijibu. Chakula kikaja, kikarudi. Siku ya pili vile vile. Nikasikia nyuma yangu shangazi mmoja kutoka Manyoni anasema, "Mtoto kajikaza huyu. Mtoto wa maana."

Mtani, damu ilinisimama. Maneno yale yale! Nilijua yuko wapi. Nilishakaa ndani ya lile pipa.

Nikamfuata Amosi. Alikuwa anapanga turubai na jenereta. Nikamwambia, "Baba, dada yako hayuko sawa. Niruhusu nifanye kazi yangu ya utani."

Akasema, "Mama mdogo, naomba sana. Nina wageni kutoka mjini. Tabu yuko imara, mwache."

"Imara? Umemtazama?"

"Nimemtazama."

"Umemwona?"

Akaangalia saa yake. Baadaye kidogo ndipo spika ikatangaza ule ustaarabu.

Basi sikiliza nilivyofanya, na wote wasikie, maana wengine wanasimulia kwa kupotosha. Wageni wa mjini walikuwa tayari wamekaa juu ya lori la Amosi, kwenye mabenchi, wakisubiri kwenda makaburini. Tabu naye walikuwa wamempandisha, wamemweka pembeni kama mzigo. Nililitazama lile lori, vichwa vimejipanga ubavuni, na mimi nikaona treni. Wewe ndiye uliyenionyesha, najua.

Sweta lako lilikuwa limetundikwa mlango wa jikoni. Nikalivaa. Nikachukua sinia lako, nikajaza kokoto, nikajitwika. Nikafunga kanga juu ya goti kama ulivyokuwa ukifunga, nikatoka mbio kando ya lori nikipaza sauti yako.

"Mayai! Mayai ya moto! Baba mwenye tai, nunua mayai, huko uendako kuna njaa! Mama mwenye kilemba, chukua karanga, meno unayo?"

Watu walishika midomo. Mwinjilisti akaficha uso nyuma ya Biblia, mabega yanamruka. Mtu wa spika anasema, "Jamani, jamani, utaratibu," na mimi namwambia, "Wewe mwenye debe linalopiga kelele, unanunua hununui?" Nikakimbia mpaka mwisho wa lori, nikarudi. Nilikuwa nimechoka, mimi si kijana, magoti yananilia. Nikafika pale alipokaa Tabu. Nikasimama. Nikamfokea kama ulivyokuwa ukimfokea kila treni ilipoanza kuondoka, stesheni nzima ikisikia:

"Tabu! Wewe mtoto! Chenji iko wapi?"

Na Tabu akajibu. Hapo hapo, bila kufikiri, kama alivyojibu tangu utoto wake:

"Nimempa yule wa dirishani, mama!"

Alijisikia mwenyewe. Akanitazama na sweta lako, kiwiko changu kimetokeza kwenye tundu lako. Akacheka. Kicheko kifupi, kama kikohozi. Halafu akasema, "Yaya," mama kwa lugha yenu, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu, na ya tatu watu wote wakaanza kulia naye. Wale wa mjini pia, na tai zao. Nililitupa sinia, nikapanda juu ya lori sijui kwa miguu gani, nikampakata.

Amosi alikuja akanishika mkono, akanishusha mbele za watu. "Mama Elia, toka. Umetudhalilisha. Hapa si stesheni." Hata Mama mdogo hakuniita. "Na kwenye kumaliza matanga usije."

Nikatoka. Nilikuwa nausikiliza ule mkono wake. Mkono wa hasira huwa unakaza. Ule ulikuwa unatetemeka, tena una baridi, jua linawaka vile. Nikakumbuka fimbo yangu na Elia. Nikasema, huyu naye kavaa shati.

Sasa nasema wazi, mtani, wewe ukiwa shahidi. Siombi radhi. Wakinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji nitakwenda, nimevaa sweta. Wanaosema mambo haya ni ya kizamani, sasa watu wamestaarabika, nawaambia spika yao ilitangaza tangu asubuhi na haikumtoa yule mtoto chozi hata moja. Turubai ni zuri, linazuia jua. Jenereta zuri, lina mwanga. Nani alimtazama Tabu? Mtu unaweza kuwa na lori na mashine na bado ukapita mbele ya dada yako aliyezima ukamwita imara. Na kesho ni mke wako. Keshokutwa ni mwanao. Nyumba haziungui na moto tu, zinaungua pia na watu wasioonana humo ndani. Hiyo ndiyo sababu nimepigana, si kupenda kuchekesha.

Na mimi bado ni mtu wa hofu, usidhani nimebadilika. Niliporudi nyumbani siku ile nilikaa na sweta lako mapajani mpaka usiku. Nilijiuliza, kama nimekosea? Kama kilio cha Tabu kilikuwa mto na mimi nimeufukua? Wewe hukuwepo nikuulize.

Tabu alinijibu. Juzi nilikuwa napepeta uwele uani, nikasikia mtu kasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Wewe Mnyaturu kichwa mwamba! Mwizi! Umekula nyama ya msiba wetu, na sweta la mama umeondoka nalo. Kwenu hamna nguo, mnajifunika mawe?"

Ungo ulinidondoka. Ilikuwa sauti yako, mtani. Mkono kiunoni ni wako, kidevu kile ni chako. Nikamwambia, "Ingia ndani, mtoto wa ukame, kabla mvua haijakuona ikakimbia." Akaingia. Akala ugali na mlenda, akaongeza. Akanieleza ulivyokufa, yote, neno kwa neno, analia na kula. Nilimsikiliza tu. Alipomaliza akanyoosha mkono kuchukua sweta, nikalishika.

"Hili halirudi kwa mkono wako," nikamwambia. "Mwambie kaka yako, mtani akichukua kitu msibani, kitu hicho hukombolewa. Aje mwenyewe. Alete jogoo. Na asimame hapo mlangoni anitukane kwa mdomo wake, vizuri, kama alivyofundishwa na mama yake."

"Hatakuja, mama mdogo. Hajalia mpaka leo. Anashinda kwenye mashine, hata ikiwa imezimwa."

"Najua. Ndiyo maana sweta linabaki kwangu."

Kwa hiyo lipo, limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, anayepita njia kuu analiona. Amosi, kama unasoma hapa kwenye mlango wa mashine yako, usiichane karatasi hii mpaka ufike mwisho. Nilikufuta kamasi stesheni. Matusi yako siyaogopi, nayasubiri. Na kwenye kumaliza matanga nitakuja, utake usitake, mtani hafukuzwi na mtu mmoja.

Mama Amosi, jana lori lilipita hapa kwangu. Lilipofika mbele ya mlango likapunguza mwendo, polepole kabisa, kama treni inapoingia stesheni. Halikusimama. Lakini lilipunguza. Nimemwekea kigoda.

Lala, Mgogo wewe, lala vizuri, umezidi kujinyoosha. Huko ulipo, mvua ikikuuliza jina, iambie mimi ndiye niliyekutuma.

Mtani wako kichwa mwamba,
Mama Elia